Hesabu ya Ndege ya Mama Mkwe

Leo nimejianika mchana kweupe, na jua la Kitengela mnalijua, halifichi kitu.

Naandika haya nikiwa nimejibanza nyuma ya lori langu la mawe. Ndani ya nyumba wanacheka. Wanacheka kwa zamu! Mmoja akichoka, mwingine anapokea. Kwa hivyo wacha niwape kisa chote mimi mwenyewe, kabla hamjakipata kwa binamu yangu Sein, ambaye ana video na hana huruma.

Kwa wale hawanijui, mimi ni muuza mawe ya kujengea. Nayatoa machimboni, nayapakia, nayamwaga kwa mteja. Na kitu ambacho najivunia (nilikuwa najivunia) ni hesabu. Niambie nyumba yako ina vyumba vitatu, nitakuambia ni lori ngapi kabla hujafunga mdomo. Sikosei. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Wakesho mnamjua. Yule msichana wa Kitaita wa duka la dawa pale mjini, ambaye kwa sababu ninazoogopa kuuliza amekubali kuolewa na mimi. Kwetu hakuna mwenye neno. Baba alishafariki, kwa hivyo baba mkubwa ndiye msemaji, na yeye alimpenda Wakesho tangu siku alipomwona akimaliza chai bila kubakisha. Kwao ndiko kulikuwa kumebaki mtu mmoja. Mama yake, anayeishi Mombasa, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona ana kwa ana. Mama huyo aliweka sharti. Hakuna wazee kutumwa, hakuna mahari kutajwa, mpaka aje aone kwa macho yake mahali binti yake atakapoishi.

"Tulihama Voi kwa sababu ya ndovu," alimwambia Wakesho kwa simu, nami nasikia. "Sasa wewe watoka kwa ndovu, waenda kwa simba?"

(Simba walipita huku mara moja. Sawa, si mara moja. Lakini si kila wiki.)

Na Wakesho hakunificha. Alinikalisha chini akaniambia, "Mama akikataa, mimi siwezi kwenda kinyume chake. Nakupenda, lakini hiyo siwezi." Basi mkiniona nikikonda wiki hii, msidhani ni malaria.

Mama alitaka kuja na treni. Nikakataa kabisa! Mama mkwe wangu akae kwa kiti mchana kutwa akitazama vichaka? Nikamkatia tiketi ya ndege. Hajawahi kupanda ndege maishani. Na kuanzia dakika hiyo nikageuka mtaalamu wa anga.

Kuna zile kurasa za mtandao ambapo unaandika uwanja huu na uwanja ule, zinakuambia umbali wa hewani na muda wa kuruka. Nikaandika Mombasa na Nairobi. Kilomita mia nne na kitu, muda saa moja hivi. Nilifurahi kama mtu aliyepata mteja wa ghorofa. Maana hiyo ni kazi yangu! Umbali ukiugawanya kwa muda, unapata mwendo. Ukijua mwendo, na ukijua kutoka uwanjani hadi kwetu ni kilomita ngapi, unajua ndege itakuwa juu ya paa lako wakati gani. Ndege za kutoka Pwani huinama upande wetu kabla ya kutua, kila mtu wa huku analijua hilo. Ng'ombe wetu hawainui hata vichwa.

Mpango wangu ukawa huu. Hakuna kukimbilia uwanjani. Tunakaa nyumbani kwa starehe, ndege ikipita juu yetu ndio nawasha gari. Kufika kwake chini, kungoja mzigo, kutafuta mlango wa kutokea, mimi niko pale nimesimama na maua.

"Si twende tu mapema, tungojee huko," Wakesho akasema jana.

"Kungoja ni ya watu hawajui hesabu," nikamjibu. (Naomba maneno haya yasiandikwe kwa kaburi langu.)

Jana hiyo hiyo nikampigia mama mkwe kumpa mafunzo. Nilikuwa na sauti ya rubani.

"Mama, ukishakaa ndani ya ndege, kwa simu kuna alama ya kandege. Bonyeza hapo. Network itaenda."

"Na nitairudisha lini?"

"Usiguse kitu, mama. Ngoja mpaka mimi nikupigie."

"Mpaka unipigie wewe."

"Ndiyo, mama."

"Haya, mwanangu. Nimesikia."

Nikakata simu nikijipongeza kwa kueleza vizuri. Wakesho alikuwa kando yangu akisikia kila neno. Hata yeye aliitikia kwa kichwa.

Leo asubuhi mama akampigia Wakesho kusema amefika uwanjani. Ndege yake ilikuwa ya mchana.

"Mama yangu ndio huyo," Wakesho akacheka. "Hata kanisani hufika kabla ya mwenye funguo."

Baadaye kidogo akajaribu kumpigia, simu haiingii. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mama amebonyeza kandege mapema. Nikaongeza kwamba napenda mtu anayefuata maagizo.

Huku nyumbani watu walishaanza kujaa. Mbuzi alikuwa motoni. Akina mama wa kanisa walikuja na leso zao na sufuria zao na maswali yao. Baba mkubwa akafika kutoka Isinya na shuka mpya na kibuyu cha maziwa. Nikamweleza mambo ya ndege. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Itapita juu ya boma hii?" akauliza.

"Itapita, baba."

"Na mgeni ako ndani?"

"Ako ndani."

"Basi atakuwa amefika kwetu kabla hajakanyaga chini. Mgeni akifika anabarikiwa. Tutambariki akiwa huko juu."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. (Nilikuwa na nafasi nyingi leo.) Lakini nilipofikiria mama mkwe akichungulia dirishani, aone ukoo mzima umesimama nyasini unampungia, wazee wanambariki, nikaona hapa mambo yamekwisha. Nani angemnyima binti mtu wa aina hii? Nikawatangazia watu wote wakae tayari. Sein akafuta kioo cha simu yake kwa sketi.

Saa ya hesabu yangu ikafika. Tukatoka sote tukasimama nje, nyuso juu.

Hakuna kitu.

"Ile pale!" mama mmoja akapiga kelele.

"Hiyo ni tai," baba mkubwa akasema.

Tukangoja. Shingo zikaanza kuuma. Wakesho akanisogelea.

"Imechelewa?"

"Ni upepo."

"Upepo gani? Hata nyasi haitingishiki."

"Huko juu kuna upepo wa huko juu."

Akampigia mama yake. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

"Hiyo ni habari nzuri!" nikasema kwa sauti ili wote wasikie. "Kama hapatikani, maana yake bado anaruka. Siku akipatikana kabla ya kutua, hapo ndio tuogope."

Watu wakakubali. Nilisema kwa uhakika sana, jamani, hata mimi nilijiamini.

Lakini muda ukapita, ukapita tena. Akina mama wakaanza kukaa chini mmoja mmoja. Mbuzi akatolewa motoni akarudishwa. Na mimi, hapa siwafichi, niliogopa. Hofu ya aibu haikuwa imefika bado. Niliogopa ndege. Mama wa watu hajawahi kuruka, yeye alitaka treni yake, na mimi ndiye nilikataa. Wakesho alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili na midomo inacheza, nikajua anaomba. Nikajua pia kwamba kama kuna jambo limetokea huko juu, hatanitazama tena usoni, na sitakuwa na haki ya kumuuliza kwa nini.

"Tungekuwa airport saa hii tungekuwa tunajua," akasema polepole.

Kwa mara ya kwanza leo sikuwa na hesabu ya kumpa.

Halafu tukasikia mngurumo.

Ndege! Kubwa, nyeupe, chini chini, inakuja moja kwa moja juu ya boma! Akina mama wakaruka juu kama wameitwa jina. Ni Wakesho peke yake aliyekunja uso.

"Mbona inatoka upande wa Nairobi?"

"Ilipita kwanza, sasa inajipanga kutua."

"Mbona pua imeangalia juu?"

"Wakesho! Ni nani alisoma mambo ya ndege, ni mimi ama ni wewe?"

(Mungu anisamehe. Wakesho ameshasema yeye hajui bado kama atanisamehe.)

Baba mkubwa hakungoja mjadala. Akachovya nyasi kwenye maziwa akarusha mbinguni.

"Karibu mama! Njia yako iwe laini!"

"Naai!" sisi sote tukaitikia, ndiyo amina yetu.

"Mguu wako utulie kwetu!"

"Naai!"

"Utakachogusa hapa kizae!"

"Naai!"

Maziwa yakaenda juu kidogo, halafu yakarudi yote usoni kwangu. Sikujali! Vigelegele vilipaa, leso zilipepea, Sein alikuwa anarekodi huku anaruka. Mimi nilivua koti nikalizungusha hewani nikipiga kelele, "Mamaaa! Mamaaa! Ni sisi!"

Ndipo sauti ya mwanamke ikaniuliza kutoka nyuma ya bega langu.

"Mwampungia nani?"

Sikugeuka. Nilimwona kwa pembe ya jicho, leso tu, nikadhani ni mmoja wa akina mama wa kanisa amechelewa. (Hakuna mtu Kitengela nzima anasema "mwampungia". Masikio nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyaweka wapi?)

"Mama mkwe," nikasema. "Ako ndani ya hiyo ndege."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Lakini yeyo, songa kidogo, unanizibia."

Nikamwita yeyo, vile tunavyowaita akina mama wa hapa nyumbani. Akasonga.

"Na yeye awaona?"

"Lazima atuone. Nilimkatia kiti cha dirishani."

"Ni mtu wa aina gani, huyo mama mkwe?"

Ningeweza kusema ni mama mzuri. Ningeweza kusema simjui vizuri, ambayo ndiyo kweli. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye hofu kubwa sasa hivi, moyo umefunguka, na mdomo nao ukafunguka pamoja nao.

"Mgumu!" nikamwambia. "Mgumu kama jiwe la chini kabisa machimboni! Eti anaogopa simba. Eti lazima akague kwanza. Lakini leo nimemweza. Akifika hapa atakuwa ameshalainika."

"Utamlainisha na nini?"

"Na mapokezi kama haya? Hata ng'ombe mkaidi angekubali!"

"Haya," akasema.

Na yeye akafungua leso yake akaanza kupunga. Tukapunga pamoja, bega kwa bega, mpaka ndege ikawa kijidoa upande wa Namanga.

Nilipomaliza kupunga nikagundua ni kimya. Vigelegele vilikuwa vimekufa kimoja kimoja. Baba mkubwa alikuwa ameshika nyasi hewani hazishuki. Sein hakuwa anarekodi mbingu tena, alikuwa ananirekodi mimi. Halafu Wakesho akapiga yowe, "Mama!" akakimbia kuja upande wangu, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka. Nikafungua mikono kumpokea.

Akanipita.

Nikageuka. Mama wa makamo, leso begani, sanduku miguuni na kile kikaratasi cha uwanja wa ndege bado kimefungwa kwa mshikio. Nyuma yake, langoni, dereva wa teksi alikuwa amesimama juu ya ukingo wa mlango wa gari lake ili asipitwe na kitu.

Mama mkwe akainua kidole akaelekeza kule Namanga.

"Ile yaenda, mwanangu," akaniambia kwa upole. "Mie nilishafika."

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Lakini ardhi ya huku ni mwamba mtupu, naijua, naiuza.

"Mama, umefikaje?" Wakesho akauliza huku bado amemkumbatia.

Akaeleza. Alifika uwanjani mapema mno, wafanyakazi wakamwona ameketi peke yake, wakamwambia ndege ya asubuhi ina viti vitupu, kama anataka aingie. Akaingia. Akatua Nairobi wakati mimi nilikuwa bado nachora mstari wa ndege yake kwa kidole mchangani nikimwonyesha baba mkubwa.

"Nikapita hapa juu asubuhi," akasema. "Niliona mabati. Sikuona mtu."

"Na mbona hukutupigia?"

Mama akatoa simu yake kwa mkoba. Kandege kalikuwa pale pale juu ya kioo.

"Mchumba wako aliniambia nisiguse mpaka anipigie. Nami nikasema, siku ya kwanza nisimkaidi mkwe, ataniona mgumu." Akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. "Nikakaa nikangoja anipigie. Nikangoja, nikangoja, mpaka askari wa mlangoni akanipa kiti chake. Mwisho nikaona njaa itaniua. Nikamwambia mwenye teksi anipeleke Kitengela, na hapo stendi tukauliza boma ya muuza mawe anayeoa Mtaita. Wakatuambia tufuate kelele."

Baba mkubwa akanigeukia. Uso wa mtu anayejaribu kwa nia njema kuelewa.

"Ulimwambia asifungue simu mpaka umpigie."

"Ndiyo, baba."

"Umpigie kwa simu gani?"

"Kwa… hiyo."

"Hiyo iliyofungwa."

"Ndiyo, baba."

Baba mkubwa akainua kibuyu akanywa maziwa yote yaliyobaki. Hakuna aliyebarikiwa tena leo.

Sein naye, bila kuulizwa, alikuwa ameshatafuta kwa mtandao. "Ile ndege ilikuwa ya mizigo," akatangaza. "Inaenda Johannesburg." Hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Mama mmoja wa kanisa alicheka mpaka akashikilia ukuta wa jikoni. Dereva wa teksi alikataa kuondoka mpaka atumiwe video, na Sein akamtumia.

Mimi sikucheka. Nyinyi mnajua leo ningeweza kupoteza nini. Nikabeba sanduku la mama ndani. Akaanza ukaguzi. Akaangalia jikoni, tangi la maji, ua, choo. Akagusa kuta kwa vidole. Akamuuliza baba mkubwa kuhusu simba, na baba mkubwa, ambaye hajui kudanganya hata kwa ajili ya mtoto wa ndugu yake, akamwambia wanapita, na akamwonyesha pale wanapopitia! Nikaona Wakesho amefumba macho.

Mama akamaliza ukaguzi. Akala, akanawa, akaitisha video. Akaitazama bila kucheka. Akaiomba tena. Mara ya pili aliisimamisha pale ninapomwambia yeyo asonge. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la maji, sijui niingie au nitoke.

"Huyu ndiye umtakaye?" akamuuliza binti yake.

"Ndiye, mama."

"Una hakika?"

"Niko na hakika."

Akanitazama. (Nilikuwa na maziwa yaliyokauka kwenye sikio. Hakuna mtu aliyenionyesha. Hakuna!)

"Nilikuja na maneno yangu ya kukataa," akasema. "Niliyapanga kutoka nyumbani. Mbali, baridi, simba. Halafu nateremka kwa gari, nakuta boma zima limesimama juani kunipokea. Wameangalia kwingine, haya, lakini ni mimi walikuwa wanipokea. Na huyu aliita mama mpaka sauti ikamkauka." Akaweka simu chini. "Mchukue, mwanangu. Ukimwacha peke yake huyu atapotea."

"Kweli kabisa," baba mkubwa akasema, haraka kuliko nilivyopenda.

Kwa hivyo nimekubaliwa, jamani, kwa kuhurumiwa. Naomba asicheke mtu mpaka harusi ipite, mama asije akafikiria tena.